Mwanangu Ataka Kuwa Rubani



Juma hili tunayo barua kutoka Kolwezi. Ameiandika baba wa watoto sita, na mwandiko wake ni mzuri kuliko wetu. Mwanawe wa tatu, mwenye umri wa miaka 14, ametangaza nyumbani kwamba ataka kuwa rubani wa ndege. Si maneno ya mchezo, asema baba. Mtoto amebandika picha za ndege juu ya kitanda chake, na akisikia mngurumo huacha chakula akatoka nje. Siku za Jumamosi, na sasa hata za Ijumaa, huenda mtoni kuosha mawe ya madini pamoja na wachimbaji, apate kuweka fedha ya shule ya urubani. Juu ya hayo, bwana mmoja mwenye suti amepita mtaani akionyesha karatasi zenye mhuri. Asema kwamba kwa dola 300 aweza kumwandikisha mtoto mara moja katika shule ya marubani ya nchi za nje.

Baba auliza: "Je, nitoe fedha hiyo? Na nisipoitoa, nimwambie nini mtoto asivunjike moyo?"

Tunamjibu hapa gazetini kwa sababu twaamini kwamba si yeye peke yake mwenye mtoto anayetazama juu.

Habari ya huyo bwana mwenye suti haitaki maneno mengi. Usimpe hata faranga moja. Sheria za urubani zatokana na Mapatano ya Chicago ya tarehe 7 Desemba 1944, ambayo karibu nchi zote za dunia zimeyakubali, na Kongo ni mojawapo. Kwa sheria hizo mtu hapewi leseni ya kurusha ndege kwa nafsi yake kabla ya kutimiza miaka 17, wala leseni ya kurusha ndege kwa mshahara kabla ya miaka 18. Yule atakaye kuwa kapteni wa ndege kubwa ya abiria sharti awe na miaka 21, na saa 1500 za kuruka zilizoandikwa katika daftari lake. Basi ni shule gani ya haki iwezayo kuhitaji jina la mtoto wa miaka 14 leo hii, na kwa dola 300? Mafunzo ya rubani wa mshahara hugharimu makumi ya maelfu ya dola. Shule ya kweli hutambuliwa na mamlaka ya anga ya nchi yake. Mtu akikutajia shule, mwombe jina lake kamili na mji ilipo, kisha mwambie kwamba utaiandikia mamlaka ya nchi ile uulize kama ina kibali. Mwongo hachelewi kukasirika asikiapo neno hilo.

Kwa hiyo fedha zibaki sandukuni. Lakini usimwambie mtoto aache. Anayo miaka minne ya kazi mbele yake, na sehemu kubwa ya kazi hiyo haiulizi dola nyingi.

Fedha ya kwanza, ikipatikana, itumike kwa daktari. Wazazi wengi hufikiri kwamba uchunguzi wa mwili huja mwishoni, kama mhuri juu ya barua. Sivyo. Rubani wa mshahara hupimwa kwa ukali kabla ya kupewa leseni, na baadaye hupimwa tena kila mwaka. Fikirini jamaa iliyouza kiwanja, ikamsafirisha kijana mbali, ndipo huko akagunduliwa kwamba hawezi kutenganisha rangi nyekundu na ya kijani! Ndege usiku huwa na taa nyekundu katika bawa la kushoto na ya kijani katika bawa la kuume, na mnara wa uwanja, redio ikifa, husema na rubani kwa taa za rangi hizo hizo. Kasoro hiyo ya macho huwapata wavulana zaidi kuliko wasichana, na mwenye nayo mara nyingi hajijui. Daktari wa macho huitambua kwa kitabu kidogo chenye picha za madoadoa, kwa dakika chache tu. Miwani ya kawaida si kizuizi, ikiwa mtu akiivaa aona vizuri.

Kuna jambo jingine ambalo katika jamaa zetu huwa halisemwi mezani, nalo ni ugonjwa wa selimundu. Mwenye ugonjwa wenyewe, yaani SS, kwa kawaida hakubaliwi kuwa rubani, kwa kuwa uchache wa oksijeni huko juu waweza kumletea hatari kubwa. Mwenye AS, asiyeugua, kwa kawaida hazuiwi. Afadhali mtoto ajue mapema, akiwa bado ana nafasi ya kuipenda kazi nyingine ya ndege, kuliko kujua akiwa na miaka 20 na jamaa imekwisha kukopa.

Sasa tuje kwenye mto na mawe. Twajua kwamba ni rahisi kwa mtu aliyeketi mezani na kalamu kusema mtoto asiende. Tangu kobalti ilipoonekana chini ya nyumba za Kasulo mwaka 2014, watu wa Kolwezi wamechimba hata ndani ya vyumba vyao, na fedha ya mgodi iko karibu kuliko fedha ya darasa. Lakini huyu mtoto anatumia kitu kile kile anachotaka kukinunua. Vumbi la madini halifai kwa mapafu yatakayopimwa na daktari, kelele za mashine za kusaga mawe hazifai kwa masikio, na Ijumaa anazokosa shuleni ndizo zenye hesabu. Baba, keti naye, mfanye mahesabu pamoja: kwa fedha anayoleta kila juma, ingemchukua miaka mingapi kufikia makumi ya maelfu ya dola? Tunadhani atanyamaza. Hapo usimcheke. Mwambie tu kwamba fedha ya urubani haipatikani mtoni, na kwamba mlango anaoweza kuufungua mwenyewe leo uko shuleni.

Maana mtoto wa miaka 14 katika nchi yetu amesimama katika njia panda. Akimaliza darasa la nane la elimu ya msingi, sharti achague sehemu ya masomo atakayoifuata kwa miaka minne hadi mtihani wa Serikali, ule uliopo tangu mwaka 1967. Wazazi wengi wa Kolwezi hupenda masomo ya biashara, wakisema humpa mtoto kazi upesi. Hatuyadharau. Lakini kwa kijana huyu tunasema bila kusita: Hesabu na Fizikia. Ikiwa shule iliyo karibu haina sehemu hiyo, tafuteni iliyo nayo kabla ya Septemba, hata kama ni lazima alale kwa shangazi yake upande mwingine wa mji. Uchaguzi huu mmoja wapita picha zote zilizobandikwa ukutani.

Na Kiingereza. Tangu mwaka 2008 sheria ya dunia yadai kwamba rubani anayevuka mipaka apimwe lugha ya redio kwa ngazi sita, naye asiwe chini ya ngazi ya nne. Kifaransa kitamfaa kusema na mnara wa Lubumbashi. Akivuka mpaka kwenda Ndola atajibiwa kwa Kiingereza. Isitoshe, shule nyingi za urubani zilizo karibu nasi hufundisha kwa Kiingereza. Mtoto aanze sasa, neno kwa neno, na ajifunze pia alfabeti ya marubani, ambayo kila herufi yake ina jina lisiloweza kusikika vibaya redioni. Kolwezi kwa alfabeti hiyo ni Kilo, Oscar, Lima, Whiskey, Echo, Zulu, India. Wadogo zake wataifurahia kama mchezo, na hakuna atakayewadai ada.

Kuna somo moja ambalo watoto wa pwani hulipata vitabuni, lakini mtoto wa Kolwezi hulikanyaga kila siku. Uwanja wa ndege wa Kolwezi uko karibu meta 1500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya mahali pa juu ni nyepesi, na ndege hubebwa na hewa. Mabawa yakipata hewa nyepesi hushika kidogo, na injini ndogo isiyo na msaada wa kusukumiwa hewa huvuta pumzi haba. Kwa hiyo ndege hukimbia mbali zaidi juu ya njia yake kabla ya kuinuka, na ikiinuka hupanda polepole.

Ongezeni joto. Katika hesabu za marubani, hewa ya kawaida ya usawa wa bahari ina joto la digrii 15, nayo hupoa digrii 6 na nusu kwa kila meta 1000 za kupanda. Kwa kipimo hicho Kolwezi ingekuwa na digrii 5 hivi. Lakini mchana wa Oktoba, mvua zikiwa bado hazijatulia, kipimajoto chaweza kuonyesha 30. Zimezidi digrii 25. Kila digrii iliyozidi ni kana kwamba uwanja umeinuliwa karibu meta 36 zaidi. Zidisheni: 25 mara 36 ni meta 900. Basi ndege iliyosimama Kolwezi mchana huo hufanya kazi kana kwamba iko juu ya mlima wa meta 2400, ingawa uwanja haujasogea hata kidogo. Uzito ule ule ulioinuka alfajiri bila taabu waweza kukataa kuinuka baada ya chakula cha mchana. Mtoto akilielewa hilo kwa kipimajoto na penseli, amekwisha kuelewa kitu ambacho wenye mizigo wengi hawakielewi mpaka leo.

Tunasema hivyo kwa aibu kidogo, kwa kuwa sisi wenyewe tulikuwa miongoni mwao. Miaka iliyopita tulikuwa katika uwanja mdogo wa nchi hii, jua likiwa juu ya kichwa, tukingoja kupanda ndege ya injini mbili. Kapteni, kijana mwembamba, akatoka na karatasi mkononi, akaamuru magunia manne yashushwe na vifurushi kadhaa pia. Mfanyabiashara mmoja mnene akamfokea: "Jana mwenzako alibeba yote haya!" Kapteni akajibu kwamba jana waliondoka saa ya baridi. Watu wakanung'unika, na sisi pamoja nao, maana kifurushi chetu kilikuwa na vitabu vilivyongojwa. Yeye hakubishana. Alingoja tu, mikono nyuma, mpaka gunia la nne likashuka. Tuliruka, tukafika, na vitabu vikafuata juma la pili. Wala hatukumshukuru.

Wakazi wa Kinshasa waijua bei ya karatasi ile isiposomwa. Tarehe 8 Januari 1996 ndege ya mizigo aina ya Antonov 32, iliyopakiwa kupita kiasi, ilikimbia juu ya njia ya uwanja wa Ndolo bila kuweza kuinuka. Ikapita mwisho wa njia, ikaingia katika soko la Simbazikita lililojaa wanunuzi. Zaidi ya watu 200 walikufa, na karibu wote walikuwa watu waliokuja sokoni, ambao hawakuwa na safari ya ndege siku ile.

Kwa hiyo, baba, unapomtazama mwanao, usiulize tu kama ana akili. Uliza kama aweza kusema hapana mbele ya mtu mkubwa kuliko yeye, bila matusi na bila kutetemeka, na kama aweza kusema "nimekosa mimi" kabla hajaulizwa. Rubani huandika mwenyewe saa zake katika daftari, na hasara aliyoiona katika ndege yake huiandika hata kama itamkosesha safari. Mtoto anayeficha sahani aliyoivunja hajapotea, lakini afundishwe sasa. Mpeni daftari lake. Kila jioni aandike jinsi mawingu yalivyokuwa, upepo ulitoka upande gani, mvua ilianza saa ngapi, na utabiri wake wa asubuhi ulikuwa sawa au la. Asifute aliyokosea. Baada ya msimu mmoja wa mvua atazijua dhoruba za mchana wa Lualaba vizuri kuliko sisi.

Baba hakutaja mabinti zake, lakini twadhani kati ya watoto sita wamo. Irene Koki Mutungi wa Kenya, ambaye baba yake alikuwa rubani, aliingia Kenya Airways mwaka 1995, na mwaka 2014 akawa kapteni wa Boeing 787. Daktari na mtihani hawaulizi kama mtu avaa suruali au kitenge, basi dada za kijana huyu nao wapewe penseli.

Swali la fedha kubwa bado lipo, na hatutalifunika. Kijana akimaliza mtihani wa Serikali na matokeo mazuri ya hesabu, milango haiko yote mahali pamoja. Iko shule ya Lusaka, ambayo kwa watu wa Lualaba ni karibu kuliko Kinshasa. Iko shule ya Soroti katika Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1971 kwa ajili ya nchi za Afrika ya Mashariki, na iko ile kubwa ya Addis Ababa. Mara kwa mara makampuni ya ndege huchagua vijana wachache na kuwasomesha kwa masharti ya kuwatumikia miaka kadhaa. Huko hesabu, Kiingereza na afya ndivyo vinavyoamua. Wengine huingia kwa mlango wa pembeni: hujifunza ufundi wa injini za ndege, au kuongoza ndege kutoka mnarani, au elimu ya hali ya hewa, hupata mshahara, kisha hulipa saa za kuruka kidogo kidogo. Wako pia waliokuja kwa mlango huo wakapenda kubaki. Fundi anayetia sahihi kwamba injini ni salama hana picha ukutani kwa mtoto yeyote, na hili twaliona kuwa ni dhuluma.

Mwisho wa barua yake baba ameandika mstari mmoja ambao ametaka kuufuta, lakini unasomeka. Asema kwamba mama yake mwenyewe, nyanya ya kijana, hapendi mazungumzo haya, na kila ndege ikipita chini huingia ndani. Twaelewa. Nyanya alikuwa Kolwezi mwezi wa Mei 1978, askari wa Ufaransa waliposhuka kwa miavuli tarehe 19 baada ya siku za mauaji mjini. Kwa watu wa umri wake mlio ule haukuwa habari ya safari wala ya mshahara. Kijana asimcheke nyanya yake, wala asijaribu kumshawishi kwa picha. Akae naye, amsikilize ayasimulie yote mpaka mwisho.

Na sasa hesabu ya kijana. Kutoka Kolwezi hadi Lubumbashi kwa mstari ulionyooka ni karibu kilometa 240. Ndege yake ndogo yaenda kilometa 200 kwa saa na kunywa lita 36 za mafuta kwa saa. Wakati wa kiangazi upepo wa kusini-mashariki waipiga usoni ikienda, tuseme kilometa 40 kwa saa, kisha waisukuma mgongoni ikirudi. Sheria yataka kwamba mchana abaki na mafuta ya dakika 30 atuapo. Hakuna mafuta ya kununua Lubumbashi siku hiyo, kwa hiyo aondoke nayo yote. Rafiki yake amwambia: "Upepo wa kwenda na wa kurudi hufutana, piga hesabu kana kwamba haupo." Je, rafiki asema kweli? Na kijana atie lita ngapi?

Atuandikie kwa mkono wake mwenyewe, aonyeshe kazi yote, na chini ya jibu ataje sehemu ya masomo aliyoichagua. Tutamjibu hapa hapa kama alirudi Kolwezi na akiba yake kamili, au alikula dakika zake njiani.